Kioo Kwanza: Jinsi ya Kuchagua Kompyuta Mpakato ya Kuhariri Picha

Mama wa bibi harusi alinipigia simu Jumanne jioni, siku tatu baada ya shughuli. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanyamaza kidogo, ule ukimya wa mtu mzima anayetafuta njia ya kusema neno bila kukuvunja moyo. "Picha nimeziona, baba. Nzuri. Ila mwanangu mimi ni maji ya kunde. Mbona humu kawa kama kachovywa kwenye mawese?"

Nikazifungua kwenye laptopu yangu: maji ya kunde. Nikazifungua kwenye simu: mawese. Kwenye simu ya shemeji yangu aliyekuwa amekaa pembeni: mawese vilevile. Kesho yake nikapeleka moja studio ya kusafishia picha, ikatoka mashineni na mawese yake juu ya karatasi. Kitu pekee mjini kilichomwona yule binti kwa rangi yake kilikuwa kioo cha laptopu yangu, na kwa kioo hicho nilikuwa nimehariri harusi za mwaka mzima.

Tangu hapo, mtu akiniuliza "nina kiasi fulani, nichukue core i ngapi?", namrudisha nyuma kwanza. Prosesa dhaifu, ule ubongo wa mashine, itakuchelewesha. RAM ndogo, ile kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, itakukera. Diski ya polepole itakupa muda wa kuchemsha chai na kuinywa picha zikiwa bado zinafunguka. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachokufanya umpelekee mteja kazi mbovu huku ukiapa kuwa ni nzuri. Kioo peke yake ndicho chenye uwezo huo. Tena RAM na diski, kwenye mashine nyingi, unaweza kuongeza mwakani ukipata hela. Kioo ulichonunua nacho, mara nyingi ndicho utakachozeeka nacho.

Kwa hiyo tuanze nacho, na nitakaa hapo kwa muda.

Laptopu nyingi za zamani za ofisini zina kioo cha aina ya TN. Ni cha bei rahisi, na kwa barua pepe na mahesabu kinatosha. Fungua juu yake picha ya bwana harusi aliyevaa suti nyeusi, kisha sukuma kifuniko mbele na nyuma taratibu. Kwenye pembe moja suti inapauka hadi unahesabu mikunjo ya koti. Pembe nyingine, koti lote linageuka kipande kimoja cha lami, vifungo vimemezwa. Picha haijaguswa, kilichohama ni pembe ya macho yako tu. Sasa wewe mhariri unayekaa leo kwenye kiti kirefu na kesho kwenye kochi, utajuaje suti ile ina weusi gani?

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu ngozi zetu nyingi zinakaa upande wa kina wa picha, karibu na vivuli kuliko na mwanga. Kioo kinachochanganya vivuli kinakufanya uone uso umezama gizani wakati haujazama. Unaupandisha. Ukishaupandisha kupita kiasi, mteja anapokea uso wenye rangi ya majivu na shela lililoungua hadi nakshi zake zimepotea. Wapo wapiga picha wanaoilaumu kamera yao kwa miaka kumi, na kosa liko mezani.

Dawa ya hilo ni kioo cha IPS, ambacho rangi zake hazikimbii ukisogeza kichwa. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zinacho, na wauzaji wanalitaja neno hilo kwa fahari. Bahati mbaya wengi wetu tunaridhika hapo. IPS ni mlango tu. Swali linalofuata ni kioo hicho kinajua rangi ngapi.

Mwaka 1996 HP na Microsoft walipendekeza kipimo kinachoitwa sRGB, na hadi leo ndicho lugha ya pamoja ya picha za mtandaoni, za simu na za studio nyingi za kusafishia. Ni makubaliano kwamba namba fulani ni wekundu fulani, ili wekundu wako na wangu uwe mmoja. Kioo kizuri kinaonyesha sRGB yote au karibu yote. Vioo vingi vya laptopu za bei ya kati na za ofisini vinaonyesha kama theluthi mbili tu, hata vikiwa IPS. Kwenye matangazo hutasoma "theluthi mbili", maana nani angenunua? Utasoma "45% NTSC", kipimo cha televisheni za rangi za Marekani cha mwaka 1953. Ukikutana na maneno hayo, jua umefika kwenye kioo kisichoujua wekundu. "72% NTSC" inasikika kama maksi za kawaida, kumbe hiyo ndiyo inayokaribia sRGB kamili.

Mawese ya yule bibi harusi yalitoka hapa. Kioo changu hakikuwa na wekundu wa kutosha, hivyo midomo yake na kitenge cha shangazi zake vilionekana vimefifia kama vilivyofuliwa mara nyingi. Nikaongeza ukolezi wa rangi. Vioo vya namna hiyo pia huwa na ubluu kidogo, hivyo nikaongeza na joto la rangi. Kwangu ikawa sawa kabisa. Picha ilipotoka kwenye kioo kilichokosa rangi ikaingia kwenye simu yenye rangi zote, kila nilichozidisha kikalipuka.

Mfano unaojulikana sana ni Lenovo ThinkPad T480 ya mwaka 2018, mashine inayopendwa kwenye soko la mtumba, na kwa haki: ngumu, ina nafasi mbili za RAM, betri mbili, fundi yeyote anaifungua. Lakini kioo chake kinachopatikana zaidi, cha pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1080, kina mwanga wa niti 250 na ile 45% ya NTSC. Nyingine za jina hilohilo zilitoka na kioo cha TN cha 1366 kwa 768. Nyingine zilitoka na kioo bora kuliko hivyo viwili. Sifa ya ndugu yako aliyenunua T480 "nzuri ya picha" haikuhusu mpaka ujue yako ina kioo kipi. Programu ya bure ya HWiNFO huonyesha jina la kioo kilichomo ndani. Lichukue jina hilo ulitafute, au soma vipimo vya tovuti ya Notebookcheck, ambao hupima rangi za kioo badala ya kunakili karatasi ya mtengenezaji. Faraja ya mashine za aina hii ni kwamba fundi anaweza kung'oa kioo kibovu akaweka kizuri. Kwenye laptopu nyembamba za kisasa, zilizounganishwa kwa gundi, kazi hiyo ni ya roho mkononi.

Kuhusu mwanga: niti 250 zinatosha chumbani pazia likiwa limefungwa. Anayehariri sebuleni mchana wa Dar es Salaam, mlango wazi, atafute 300 kwenda juu, na 400 ni raha. Kioo hafifu kwenye chumba chenye mwanga mwingi kinakudanganya kwa njia yake: kila picha inaonekana giza, na kila picha unaipandisha.

Wingi wa pikseli haunisumbui sana. Kioo cha 1366 kwa 768 kina pikseli kama milioni moja, na vibonyezo vya Lightroom, programu ya kuhariria picha, vinakula nusu yake, unabaki unachungulia picha kwenye tundu la funguo. Kile cha 1920 kwa 1080 kinatosha kazi. 4K kwenye inchi 14 ni anasa inayokula betri.

Kioo cha aina ya OLED ni kizuri mno, na uzuri huo una mtego. Rangi zake ni pana kuliko sRGB, kwa hiyo programu isiyojali usimamizi wa rangi itakuonyesha kila kitu kimekolea kuliko kilivyo. Ndani ya Lightroom na Photoshop, wasifu wa kioo, lile faili linaloieleza programu rangi za kioo chako, ukiwa umewekwa sawa, hakuna tatizo. Ukizitazama picha hizohizo nje ya programu hizo, utadhani umezidisha, utarudi kupunguza, na mteja atapokea picha iliyopooza.

Kuna njia ya kukwepa vita hii yote, nayo haisemwi vya kutosha: nunua laptopu ya kawaida yenye nguvu za wastani, kisha nunua kioo cha mezani cha mtumba, IPS, chenye sRGB kamili. Hivi vimejaa kwa sababu maofisi huvitupa kila yanapohama. Mimi harusi ile niliirudia yote, picha zaidi ya mia nne, kwenye kioo cha mezani nilichoazima kwa jamaa yangu wa uchapishaji. Nilipofungua picha ya kwanza niliona aibu. Njia hii inamfaa anayehariria nyumbani. Anayetakiwa kuonyesha picha ukumbini usiku uleule wa sendofu, hana budi kubeba kioo chake mgongoni.

Sasa RAM. Kamera ya pikseli milioni 24 inatoa picha yenye upana wa 6000 na kimo cha 4000. Faili lake ghafi, RAW, huwa kwenye MB 25 hivi likiwa limebanwa. Lifungue kwenye Photoshop kwa biti 16: kila pikseli ina rangi tatu, kila rangi baiti mbili, milioni 24 mara sita, MB 144. Hilo ni tabaka moja. Ongeza la kulainisha ngozi, la kung'arisha macho, la kufuta waya wa umeme uliopita juu ya keki, umeshavuka nusu GB kwa picha moja. Windows yenyewe imekalia GB tatu au nne, na kivinjari chako chenye WhatsApp na muziki kimechukua nyingine mbili. Kwenye mashine ya GB 8 hapo nafasi imeisha, na mashine inaanza kusukumia mizigo kwenye diski na kuirudisha. Ndiyo ile hali ya kuvuta kibonyezo cha mwanga, kusubiri, kisha picha inaruka kupita pale ulipotaka.

GB 16 ndiyo nafuu ya kweli, na 32 ni kwa anayeunganisha picha za mandhari au mwenye kamera ya pikseli milioni 45. Uliza kitu kimoja zaidi: RAM inaongezeka au imechomelewa kwenye bodi? Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia sehemu ya kumbukumbu, mara nyingi utaandikiwa nafasi ngapi zinatumika kati ya ngapi. Mbili zikiwepo na moja ikiwa tupu, unaweza kuanza na 8 leo. Ikiwa imechomelewa, nunua leo kile utakachokihitaji miaka minne ijayo.

Hapo ndipo MacBook Air ya M1, iliyotoka Novemba 2020, inapozua ubishi. Kioo chake, kwa mtumba wa leo, ni vigumu kukishinda: pikseli 2560 kwa 1600, niti 400, rangi pana kuliko sRGB, na kila moja imetoka na kioo cha ubora uleule, hupigi bahati nasibu. Haina feni, kwa hiyo ukiitumia kusafirisha picha za harusi nzima kwa mkupuo, yaani kuzitoa kuwa faili za kumpa mteja, itapata joto na kupunguza kasi. Ilitoka na GB 8 au 16, na haiongezwi hata kwa dua. Ya GB 16 nikiipata mkononi mwa mtu mwaminifu, naichukua bila kufikiria mara mbili. Ya GB 8 naichukua kwa masharti, nikijua kwamba nikiwa Photoshop, kivinjari kinafungwa. Apple wenyewe walikuja kuiacha GB 8 kwenye MacBook Air mpya Oktoba 2024 na kuanzia 16.

Prosesa ni sehemu yenye maneno mengi kuliko mambo. Siku moja Kariakoo kijana wa dukani alinisogezea laptopu: "Bosi, hii ni i7, moto wa kuotea mbali." Nikasoma kibandiko: i7-7500U. Ya jirani yake, aliyoidharau na kuipunguza bei, ilikuwa i5-8250U. Ile "saba" ya kifahari ni ya kizazi cha saba na ina viini viwili vya kufanyia kazi. "Tano" ni ya kizazi cha nane, ina viini vinne. Kwenye kusafirisha picha mia sita, i5 ile inamwacha mwenzake njiani. Namba baada ya kistari ndiyo inayosema ukweli, na herufi ya mwisho pia: U ni ya kubana umeme, H ni ya nguvu. Kizazi cha nane kina faida nyingine: ndipo Windows 11 inapoanzia rasmi kwa prosesa za Intel, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Chini ya hapo, hata kwa bei ya kutupa, mimi napita.

Kadi ya michoro, GPU, zamani nilikuwa nawaambia watu waiache, hela waweke kwenye kioo. Aprili 2023 Lightroom ilileta kazi ya kuondoa chenga, vile vidoa vya picha za gizani, kwa akili mnemba, na kwa sisi tunaopiga kwenye kumbi zenye taa za zambarau na ISO 6400 (kamera ikiwa imeongezewa sana wepesi wa kupokea mwanga), chenga ni chakula cha kila siku. Kazi hiyo inaiegemea GPU. Kwenye kadi ya RTX ya Nvidia picha moja ni suala la sekunde. Kwenye michoro ya ndani ya prosesa ya zamani ni dakika, na hapo zidisha kwa picha zako. Ukiwa mpigaji wa ukumbini, basi, GPU ina hoja. Ukipiga nje mchana, haina. Angalizo kwa wanaokimbilia laptopu za gemu kwa ajili hiyo: nyingi za bei ya chini zina GPU ya kutisha na kioo kilekile cha 45%. Utazalisha mawese kwa kasi ya ajabu.

Diski ni SSD, ile isiyo na sahani inayozunguka, hakuna mjadala, na ikiwa ya NVMe, aina yake yenye kasi zaidi, ni bora zaidi. Harusi ya picha elfu mbili ni GB 50. Ya GB 256 itajaa kabla msimu haujafika katikati. Anza na 512, na diski ya nje ya kuhifadhia iwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kwa mwenye mashine dhaifu asiye na hela ya nyingine, Lightroom Classic ina nakala nyepesi za picha, Smart Previews, zenye pikseli 2560 upande mrefu. Kwenye mipangilio unaiambia ihariri kwa nakala hizo badala ya faili ghafi. Mashine iliyokuwa ikikokota miguu inaamka. Nimehariri misimu miwili kwa ujanja huo.

Dukani siendi mikono mitupu. Nina flashi yenye picha tatu na bahasha yenye picha moja iliyosafishwa vizuri. Ya kwanza ni mraba mweusi tii wenye miraba midogo ndani yake, iliyopandishwa kidogo kidogo kutoka sifuri: 5, 10, 15 kati ya 255, ambayo ni nyeupe kabisa. Mraba wa 10 usipoonekana, kioo hicho kitakuficha nywele na suti. Ya pili ni shela jeupe lenye nakshi nyeupe. Ya tatu ni mzee mmoja, mweusi wa kung'aa, koti jeusi, kofia ya kiua, na hiyo ndiyo niliyonayo kwenye bahasha. Naomba laptopu iwekwe mbali na taa kali ya dukani, naipandisha mwanga, nashika karatasi kando ya kioo. Natazama paji la uso kwanza, kisha kola ya koti inapokutana na shingo. Kijana wa dukani kwa kawaida anacheka. Yule wa i7 alicheka pia, kisha akaenda mwenyewe kuleta laptopu ya tatu kutoka rafu ya juu akataka niipime na hiyo, akainama karibu na kioo kuliko mimi.

Mengine ni ya haraka: amri ya powercfg /batteryreport inaonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na imebaki na kiasi gani; na kwa MacBook, hakikisha imetolewa kwenye akaunti ya mwenye nayo wa zamani mbele ya macho yako, kabla hujatoa hela.

Ukifika nyumbani, zima mwanga wa usiku, ule unaofanya kioo kuwa cha njano kuanzia magharibi. Nimemwona mtu akihariri saa nne usiku na njano hiyo, akaamka asubuhi na familia nzima ya rangi ya samawati. Zima pia mwanga unaojirekebisha wenyewe. Kifaa cha kupimia rangi, kama Spyder ya Datacolor, si lazima kila mmoja awe nacho. Sisi watano tulichangishana, kinazunguka.

Na jambo moja la kwetu: laptopu nyingi za Windows umeme ukikatika zikabaki kwenye betri hupunguza nguvu, na zenye michoro ya Intel huweza kupunguza mwanga wa kioo kwa kufuata kilichomo kwenye picha, bila kukuuliza. Picha nyeusi inabadilika, nyeupe inabadilika, nawe unaendelea kuvuta vibonyezo. Umeme ukikatika, mimi nahamia kwenye kuchagua na kufuta, kuondoa waliofumba macho na waliopita mbele ya kamera na sahani za pilau. Rangi nazisubirisha hadi urudi.